Nakimbia, napiga baiskeli, nina miaka 52: kipimo cha mifupa nisubiri mpaka 65?

Dada mmoja kaniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Nina miaka 52, kilo 54, hedhi ilikata nikiwa na 49. Nakimbia mara tatu kwa wiki na wikiendi napiga baiskeli masaa matatu manne. Sivuti sigara, sinywi pombe. Mama yangu alivunjika nyonga akiwa na 71, aliteleza tu ndani akaanguka. Mimi nikiwa na 26 nilikuwa kwenye mbio za mashindano, hedhi ikapotea karibu mwaka mzima na mfupa wa ugoko ukapata ufa, nikapumzika ukapona. Nimeomba kupimwa mifupa nikaambiwa kalsiamu kwenye damu iko sawa, mwili wangu uko fiti kuliko wa watu wa miaka 40, na hicho kipimo ni cha kuanzia 65. Nisubiri?"

Usisubiri dada yangu. Nasema hivo mapema kabisa manake najua wengine wanasoma mwanzo tu afu wanafunga: nenda kapime mwaka huu, na sababu unazo mkononi tayari, umeziandika mwenyewe humo kwenye swali.

Hiyo 65 haijatoka hewani. Jopo la wataalamu la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi wa magonjwa, USPSTF, lilisema 2018 na likarudia tena 2025 kwamba kila mwanamke aliyefikisha 65 apimwe mifupa, awe na dalili asiwe nazo. Ila mwongozo haukuishia hapo, unaendelea kwamba mwanamke ambaye hedhi imeshakoma na hajafika 65 naye apimwe kama ana vitu vinavyoongeza hatari, na hiyo sehemu ya pili ndo inayosahaulika, hasa anayeuliza akiwa mwembamba, anapendeza, amevaa raba na anatembea kwa haraka. Kuna kahesabu kafupi kanaitwa OST, hata wewe unaweza kukafanya umekaa: uzito kwa kilo toa umri, zidisha kwa 0.2, ikitoka chini ya 2 unastahili kwenda kwenye kipimo chenyewe. Wewe 54 toa 52 inabaki 2, mara 0.2 ni 0.4. Yaani umeshastahili kabla hata mama yako hajatajwa, na mzazi kuvunjika nyonga ni jambo zito mno, limo kwenye karibu kila fomu ya kukadiria hatari ya mifupa duniani.

Nikuelezee kwa nini kukimbia kwako hakukukingi kama unavyodhani, manake hapa ndo wanawake wengi wa mazoezi wanapoumia kimyakimya. Mfupa ni kitu hai, kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na kuna seli zinazojenga mpya, kazi hiyo haisimami mpaka unakufa. Mpaka kwenye miaka 30 hivi ujenzi unazidi au unalingana na ubomoaji, na hapo ndo unafikia kilele cha mifupa yako ya maisha. Estrojeni, ile homoni ya kike, ndo inayozibana zile seli za kubomoa zisivuke mipaka. Hedhi inapokaribia kukoma estrojeni inashuka, breki inatoka, na ubomoaji unakimbia kuliko ujenzi. Kasi kubwa kabisa inaanza kama mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho na inaendelea miaka kama miwili baada yake, afu inapungua ila haikomi, na ukijumlisha miaka mitano mpaka saba ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya mifupa yake. Angalia umri wako sasa, 49 mpaka 52, umepita katikati ya kipindi kile kile. Ukingoja 65 utakuwa umeenda kupima hasara iliyokwisha kutokea, wakati sasa hivi bado unaweza kuizuia isikue. Mazoezi yanasaidia, na nitakuambia yapi, ila hakuna idadi ya kilomita inayoweza kukaa kwenye nafasi ya estrojeni, mapafu na moyo vinaweza kuwa vya binti wa miaka 30 huku nyonga ni ya bibi.

Afu kuna ile habari ya ukiwa na 26. Umeitaja kama kitu kilichopita lakini mimi kwangu ndo mstari mzito kuliko yote uliyoandika. Mwanariadha hedhi inapopotea miezi mitatu na kuendelea, na si mimba, mara nyingi mwili unakuambia chakula unachokula hakitoshi mazoezi unayofanya, ubongo unaona nishati haitoshi unazima kwanza mambo ya uzazi, estrojeni inaanguka, na mifupa inakosa ulinzi ukiwa bado binti. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki 2014 iliipa hali hiyo jina la RED-S, na huathiri wanaume pia. Ufa kwenye ugoko ulipona kweli, sikatai, ila ule mwaka ulikuwa kwenye miaka ya mwisho ya kufikia kilele na inawezekana kabisa hukukifikia ulichostahili, kwa hiyo 49 ilikukuta umeanzia chini. Daktari ambaye hakukuuliza kuhusu hedhi zako za ujanani hawezi kulijua hili. Utakapoenda mwambie hata asipouliza, na kama kuna miaka uliyokuwa unajinyima kula ili upungue mwambie hiyo pia bila aibu.

Kuhusu kalsiamu ya kwenye damu, naomba hili lieleweke vizuri sana manake watu wengi wanarudishwa nyumbani na karatasi ya damu wakiwa na amani ya uongo. Kalsiamu ya damu mwili unailinda kwa nguvu zote, moyo na misuli na neva vinaitegemea kila dakika, ikitaka kushuka kidogo tu kuna tezi nne ndogo shingoni zinatoa homoni ya kwenda kuichota kwenye mifupa. Kwa hiyo damu inaweza kusoma vizuri miaka na miaka huku mifupa ndo inayogharamia. Kipimo hicho kina kazi yake, kwa mfano ikiwa juu kuliko kawaida inaweza kutuonyesha hizo tezi zinafanya kazi kupita kiasi, ila hakisemi chochote kuhusu mfupa wako una ujazo gani. Hata ile mashine ya kupima kisigino kwa mawimbi ya sauti ambayo huletwa kwenye maonyesho ya afya, si mbaya kama dokezo, lakini haitoi uamuzi wa ugonjwa.

Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA. Unalala chali kwenye meza umevaa nguo zako, bila chuma chochote kwenye sehemu zinazopimwa, mkono wa mashine unapita juu yako, dakika kumi mpaka ishirini umemaliza, hamna sindano wala kuingizwa kwenye tundu. Mionzi yake ni midogo sana, ya eksirei ya kawaida ya mgongo ni mingi kuliko hii kwa mbali. Wanapima pingili za chini za mgongo na nyonga, na kama kimojawapo hakisomeki wanapima mkono. Ukiwa umekunywa vidonge vya kalsiamu siku hiyo sema, na kama karibuni ulifanyiwa picha ya kunywa au kuchomwa dawa ya rangi sema pia, vinaweza kuharibu usomaji.

Majibu yanakuja na alama ya T, inayokulinganisha na mwanamke kijana mwenye mifupa mizima. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka yake 1994 na mpaka leo ndo tunaitumia: toka -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 inaitwa osteopenia yaani mifupa imepungua, -2.5 na kushuka ni osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika kiasi cha kuvunjika kirahisi. Inahesabika ile sehemu iliyosoma chini zaidi, kwa hiyo mgongo ukiwa -1.2 na shingo ya paja -2.6 wewe una osteoporosisi hata kama mtu akikuambia kwa wastani sio mbaya. Dada ambaye bado anapata hedhi yeye asomewe alama ya Z inayomlinganisha na wa umri wake, ikiwa -2 au chini tunatafuta sababu, hatumbandiki jina la osteoporosisi kwa namba peke yake. Omba karatasi yenye namba, usikubali kuambiwa "iko poa" kwa mdomo. Afu ujue mipaka ya mashine: inapima kwa eneo, sio kwa ujazo, kwa hiyo mwanamke mwenye umbo dogo anaweza kusomewa chini kidogo kuliko uhalisia, na kwa upande wa pili mgongo ulioota vimfupa vya uzee vya kusagika unasomeka mzito wakati ndani ni dhaifu, ndo manake nyonga tunaiamini zaidi umri ukisogea.

Na namba hiyo peke yake haitoshi. Wanawake wengi wanaovunjika mifupa hawakuwa na osteoporosisi kwenye DEXA, walikuwa na osteopenia, kwa sababu tu wenye osteopenia ni wengi zaidi. Kwa hiyo tunatumia pia FRAX, kikokotoo kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, kilitoka 2008, unaingiza umri, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, mzazi kuvunjika nyonga, sigara, pombe, dawa za steroidi, baridi yabisi na mengine, na alama ya shingo ya paja kama unayo, kinakupa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Mfano Marekani wanaofikisha asilimia 3 kwa nyonga au 20 kwa mifupa mikubwa kwa ujumla wanashauriwa dawa hata kama T haijafika -2.5, nchi nyingine zina mipaka yao. FRAX haiulizi unaanguka mara ngapi wala haiulizi mazoezi, hayo mueleze daktari mwenyewe.

Sasa mazoezi, najua hapa ndo roho yako ilipo. Baiskeli ni nzuri kwa moyo lakini kwa mifupa haifanyi kitu kikubwa, kiti kinabeba uzito wako na hakuna mshindo, waendesha baiskeli wa mashindano wamekutwa mara nyingi na migongo dhaifu kuliko watu wasiofanya mchezo wowote. Kuogelea ni hivo hivo. Kukimbia kunasaidia nyonga kiasi, mgongo kidogo sana, na mfupa ukishazoea mwendo ule ule wa kila siku unaacha kujibu, unataka mzigo mkubwa kuliko uliozoea, wa ghafla, wa mara chache, sio mdogo unaorudiwa mara elfu kumi. Utafiti wa LIFTMOR uliofanyika Australia ulichukua wanawake 101 waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua, kundi moja likanyanyua vyuma vizito kweli mara mbili kwa wiki, nusu saa tu kila mara, kwa miezi minane chini ya msimamizi: kunyanyua chuma kutoka sakafuni, skwoti chuma kikiwa mabegani, kusukuma chuma juu ya kichwa, seti tano za mara tano tano, pamoja na kuning'inia kwenye bomba, kujivuta juu na kujiachia kutua kwa kishindo. Mgongo wao uliongezeka karibu asilimia 3, wakati kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani lilipungua zaidi kidogo ya asilimia 1, na katika kundi zima la vyuma aliyepata shida ni mmoja tu, mgongo kukaza kidogo. Miaka yote wanawake wa umri huo walikuwa wanaambiwa wasiguse kizito, wabebe vile vidambeli vya kilo moja, na mimi nasema ushauri huo umewanyima mifupa wanawake wengi mno.

Ila usiamke kesho ukanyanyue kilo 60. Tafuta kocha anayejua kufundisha, anza na fimbo tupu mpaka mkao ukae sawa, ongeza taratibu kwa miezi, na kama DEXA au picha itaonyesha pingili imeshabonyea basi kuinama mbele na mzigo na kujipinda kwa nguvu ni marufuku mpaka mtaalamu wa mazoezi tiba akupangie. Mbio zako endelea nazo, baiskeli pia maana inakupa raha, ila toa siku mbili za wiki ziwe za vyuma, na uweke dakika chache za kusimama mguu mmoja na kutembea kisigino kwa kidole, manake nyonga nyingi zinavunjika kwa kuanguka na asiyeanguka havunjiki kirahisi.

Chakula: kula kwa kutosheleza mazoezi yako kwanza, usirudie mambo ya 26, na protini iwepo kila mlo. Kalsiamu mwanamke aliyepita 50 anahitaji kama miligramu 1200 kwa siku kutoka vyanzo vyote, maziwa na mtindi na jibini na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao vinafikisha mbali, vidonge vije kuziba pengo tu, usizidishe miligramu 500 kwa mara moja manake mwili hauwezi kuchukua nyingi kwa mpigo, na ukijirundikia ovyo unajitafutia mawe kwenye figo. Vitamini D pima kama kuna sababu ya kushuku upungufu, ukiwa nao utibiwe. Lakini kuimeza tu kwa imani kwamba ndo kinga ya kuvunjika hapana, utafiti mkubwa wa VITAL wa Marekani, watu zaidi ya 25,000, ulitoa majibu yake ya mifupa 2022, uniti 2000 kila siku hazikupunguza kuvunjika kwa watu ambao hawakuchaguliwa kwa upungufu.

Ikija -2.5 au chini usilie, na usikubali kupewa kidonge siku hiyo hiyo bila kutafutwa sababu nyingine zilizojificha: figo, ini, tezi ya koo, hizo tezi nne nilizozitaja, vitamini D, ugonjwa wa utumbo unaokataa ngano. Dawa pia zinaangaliwa, prednisoloni ya miezi mitatu na kuendelea, dawa za kushusha estrojeni baada ya saratani ya matiti, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu uliyochoma miaka mingi, homoni ya tezi ikizidi dozi. Baada ya hapo mazungumzo ya tiba. Kwa umri wako, ukiwa ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, homoni za kurudisha estrojeni ni chaguo la kweli, hasa kama joto la ghafla na kukosa usingizi vinakusumbua, ule utafiti mkubwa wa WHI uliowatisha watu 2002 ulionyesha pia kwamba waliotumia walivunjika nyonga kwa uchache wa karibu theluthi. Waliowahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda au kiharusi njia yao ni nyingine. Vidonge vya alendroneti vipo tangu 1995, kimoja kwa wiki, asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji, usilale tena wala usile kwa nusu saa, la sivyo kitakuchoma koo la chakula, na baada ya kama miaka mitano tunakaa kuangalia kama upumzike. Watu wanaogopa habari za taya kuoza na paja kuvunjika vibaya, zipo kweli lakini ni adimu sana, aliye kwenye hatari kubwa kinachomtishia zaidi ni nyonga. Moja ambayo nitaipigia kelele ni denosumabu, sindano ya kila miezi sita: ni nzuri, ila usiianze kama huna uhakika wa kuifuata kwa tarehe, na usiiache bila daktari kukupa dawa ya kuipokea, manake ukiiacha hivi hivi mifupa inabomoka kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja.

Kabla ya DEXA jipime urefu ukutani bila viatu. Linganisha na urefu wako wa ujanani, hata ule ulioandikwa kwenye kitambulisho cha zamani kama uko sahihi. Ukikuta umepungua sentimita 4 au zaidi omba na picha ya pembeni ya mgongo, kwa kuwa karibu theluthi mbili ya pingili zinazovunjika hazijulikani, mtu anadhani ni mgongo wa kawaida wa kuinama sana, na pingili moja iliyobonyea inabadilisha kila kitu kuhusu tiba hata alama ikiwa -1.8.

Na ikitoka nzuri, tuseme -0.8, furahi, endelea na vyuma, na usirudie kila mwaka manake mabadiliko ya mwaka mmoja mara nyingi ni madogo kuliko makosa ya mashine yenyewe. Kwa historia yako ningerudia baada ya miaka miwili au mitatu kwa sababu bado uko kwenye kipindi cha kushuka kwa kasi, kwenye mashine ile ile, ikiwezekana kituo kile kile, manake namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi moja kwa moja.